Mtoto Anapojitolea Mtaani

Mama mpendwa, huenda na wewe umekwisha kumsikia mtoto wako aliye chuoni akisema, "Mama, likizo hii nitakuwa najitolea." Nawe uliyekuwa ukihesabu siku, ukitumaini atapata kibarua cha kumsaidia nauli na madaftari, unanyamaza kidogo, kisha unauliza swali moja tu: "Watakulipa?"

Sisi tuliuliza hivyo hivyo. Binti wa mmoja wetu anasomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Likizo iliyopita alikuja na wenzake wawili, mmoja wa uuguzi na mwingine wa ualimu wa michezo, wakiwa na mpango wa kuwafundisha akina mama wa mtaani kwetu mazoezi na kuwapima presha. Hakuna aliyewatuma. Jambo hili ni vema lieleweke, kwa sababu wazazi wengi tunalichanganya na yale mafunzo ya vitendo ambayo chuo chenyewe humpangia mwanafunzi na kumpa alama. Katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa mfano, wanafunzi wa udaktari hupelekwa kukaa na jamii kama sehemu ya masomo yao, chini ya mpango unaoitwa COBES. Huko mwalimu yupo na ratiba ipo. Anayejitolea likizoni hana hayo mpaka ayatafute mwenyewe.

Basi vijana wetu walianza vibaya. Walitangaza mazoezi saa kumi na moja jioni, wakati ambao kila mama yuko jikoni au anasubiri maji. Waliokuja walikuwa saba, wamevaa kanga, na kijana wa michezo akawaambia wakimbie kuzunguka uwanja mara nne. Bibi mmoja mwenye goti bovu alikaa chini ya mwembe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Juma la pili hakuja mtu hata mmoja.

Hapo ndipo mama mzazi alipomwambia binti yake, "Umewauliza wanataka nini?" Hakuwa ameuliza. Akapita nyumba kwa nyumba na mwenzake, pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa, ambaye anajua nyumba ipi ina mgonjwa na mlango upi usigongwe asubuhi. Waliyoyasikia hayakuhusu kukimbia kabisa. Akina mama walilalamikia mgongo, magoti, na kuogopa kuanguka bafuni. Wengi walisema wazi kwamba kazi za nyumbani zinawatosha, mazoezi ni ya watu wa ofisini.

Kwa sehemu wana haki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kila juma, na kutembea kwenda sokoni, kulima na kazi nzito za nyumbani huhesabiwa humo. Lakini mwongozo huo huo unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi, ili wasianguke. Haya ya mwisho hayapatikani kwa kufua wala kupepeta mchele.

Kwa hiyo waliazima viti vinane ofisi ya serikali ya mtaa, saa ikawa nne asubuhi, na zoezi la kwanza likawa kuinuka kitini bila kushika kitu na kuketi tena taratibu, mara kumi. Lijaribu hapo ulipo, mama, kabla hujacheka. Kisha kusimama mguu mmoja huku umeshika mgongo wa kiti, na kuinuka kwa vidole vya miguu. Hakuna aliyetakiwa kuvaa suruali. Juma la nne viti havikutosha, na yule bibi wa mwembe ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti.

Presha ndiyo iliyotuletea taabu. Kupima kwenyewe walikujua vizuri: mtu aketi ametulia dakika tano, asiwe amekunywa kahawa au chai ya rangi nusu saa kabla, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi na si juu ya sweta, wala asizungumze. Kisha apimwe mara mbili. Lakini meza ilikuwa katikati ya watu, na mwanafunzi wa uuguzi, kwa kushtuka, alitamka kwa sauti, "Mama, ni 168 kwa 102! Una presha!"

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kipimo cha siku moja hakitoshi kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa huo; ikifika 140 kwa 90 au zaidi, anapaswa kupimwa tena siku nyingine na mtaalamu ndiye aamue. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari, na kwenye foleni ya maji mwanamke mmoja alikwisha kumpa mama yule pole kama ya msiba. Mama huyo anauza maandazi, akasikia wateja wananong'ona kwamba ataanguka jikoni. Akaacha kuja. Na alikuwa miongoni mwa wale waliohitaji zaidi kuja, maana presha haipigi hodi. Mwaka 2021 WHO ilieleza kwamba kati ya watu wazima bilioni 1.28 duniani wenye presha ya kupanda, karibu nusu hawakujua kuwa wanayo.

Vijana walitaka kumwandikia barua. Tuliwakatalia. Binti wa uuguzi alikwenda mwenyewe, akifuatana na mmoja wetu, alfajiri, wakati maandazi yanakatwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, asiinue macho.

"Nimekuja kukuomba radhi. Habari ile ilikuwa yako, nikaitoa hadharani."

Mama akaendelea kukata unga kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi siumwi na namba. Naumwa na watu." Akamvutia kigoda. Hakuna aliyemshauri habari ya chumvi wala dawa asubuhi ile. Binti alisaidia kukaanga, na walipoagana aliuliza tu kama angependa kusindikizwa zahanati. Alikubali siku ya tano. Walimpima huko mara kadhaa kwa siku tofauti, wakamwanzishia dawa, na sasa anahudhuria kliniki. Mazoezini alirudi baadaye sana, na akachagua kiti cha nyuma.

Tangu siku hiyo meza ya kupimia iliwekwa ndani ya chumba cha ofisi, mlango umerudishwa, na namba huandikwa kwenye karatasi anayopewa mwenyewe. Anayepimwa akiulizwa nje, ana hiari ya kusema au kutosema.

Kama wako naye amekuja na wazo kama hili, mama, usimkatishe tamaa, ila muulize maswali ya kizazi. Nani mtaalamu atakayemsimamia? Amemwona mganga wa zahanati na mwenyekiti wa mtaa? Ana barua ya chuo ya kumtambulisha? Akikuta mtu ana maumivu ya kifua au amepooza ghafla upande mmoja, atampeleka wapi, kwa usafiri gani? Asitoe dawa, asichome sindano, asimwambie mtu aache dawa alizoandikiwa. Kwenye nyumba za watu wasiingie mmoja mmoja, hasa mabinti. Na fedha? Kujitolea kuna gharama, tusidanganyane. Sisi tulichanga nauli na chakula cha mchana kwa vijana watatu, na wiki mbili za kwanza baba wa nyumba alinung'unika kila jioni, mpaka mama yake mzazi alipoanza kuinuka kitini bila kuvutwa mkono.

Vijana wamesharudi chuoni. Mazoezi yanaongozwa na bibi wa mwembe, Jumanne na Ijumaa, na mwenyekiti wa mtaa ameanza kutukumbusha kwamba viti vile vinane ni vya kikao chake.