Kumsaidia Mwenzio na Kumfanyia: Adabu za Maabara ya Kompyuta



Siku chache zilizopita alitujia mzazi mmoja na barua ya chuo mkononi, uso umemsawijika. Mwanawe, aliye mwaka wa kwanza, ameitwa mbele ya baraza la nidhamu. Hakuiba kazi ya mtu. Usiku wa mwisho wa kukabidhi zoezi, rafiki yake alimwomba aitazame programu yake, naye akampelekea. Rafiki akabadili majina mawili matatu, akaikabidhi kuwa ni yake. "Mwalimu," mzazi akatuuliza, "tangu lini kumfaa mwenzio kukawa ni hatia?"

Swali hili ni la haki, nasi tumeona tulijibu hapa, kwani vijana wetu wengi wa hapa Marekani huchukua somo la kuandika programu za kompyuta.

Maabara ya somo hili ni chumba cha kompyuta, ambamo wanafunzi hukutana kila wiki kwa saa mbili au tatu. Mahudhurio huandikwa. Mwanafunzi hutarajiwa kufika akiwa amekwisha kusoma karatasi ya zoezi. Msaidizi wa mwalimu hatamwandikia, atamwuliza, "Ulitaka kompyuta ifanye nini, nayo imefanya nini?" Pengine huwekwa wawili wawili, mmoja akiandika na mwingine akisoma na kukosoa, kisha wakabadilishana. Sisi tuliopitia chuo cha Kurani tunaufahamu utaratibu huu. Maalim alipotusikia tumekosea, alituachia turudie mpaka ulimi unyooke. Hakuna aliyehitimu juzuu kwa kusomewa na mwenziwe.

Basi mpaka uko wapi? Chukueni mfano wa CS50, somo mashuhuri la wanaoanza katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kanuni zake huruhusu wanafunzi kulizungumza zoezi kwa maneno, na kumsaidia mwenzio kutafuta kosa ndani ya programu aliyoiandika mwenyewe. Lakini hukataza kumwonyesha jawabu lako mtu ambaye bado anahangaika na swali hilo. Katika vyuo vingi aliyetoa na aliyepokea huhesabiwa wamekosa wote wawili, na hapo ndipo alipoteleza kijana wetu.

Wala kubadili majina hakufichi kitu. Tangu mwaka 1994 iko programu iitwayo MOSS, aliyoitunga Alex Aiken, ambayo hulinganisha kazi za darasa zima. Haitegemei majina, hutazama muundo wa maagizo na mpangilio wake, kisha humwonyesha mwalimu mahali zinapofanana. Hukumu hubaki kwa mwalimu.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 yameingia mambo ya akili bandia, ambayo huandika zoezi zima kwa dakika moja. Walimu wengine huiruhusu kwa kiasi, wengine huikataza kabisa. Mwanafunzi asome karatasi ya masharti ya somo lake, na penye shaka aulize kabla ya kukabidhi.

Yako mambo mawili zaidi ambayo vijana wetu huona haya kuyasema. La kwanza ni ibada. Maabara ikigongana na sala ya Ijumaa, amwendee mwalimu wiki ya kwanza, si siku aliyokosa, aombe kundi la siku nyingine. La pili ni kuchelewa. Aliyezidiwa aombe muda kabla siku haijafika, au akabidhi alichoweza. Alama chache za haki ni bora kuliko alama kamili zitakazomfikisha barazani.

Na aliyekwisha kuteleza aseme mapema. Mwaka 2014 CS50 iliongeza kanuni kwamba mwanafunzi atakayekiri mwenyewe katika muda wa saa 72 anaweza kupoteza alama za kazi ile, lakini hatapelekwa mbele kwa adhabu zaidi, isipokuwa awe amerudia. Si kila chuo kina kanuni hiyo, ila hatujapata kumwona mwalimu aliyechukizwa na mwanafunzi msema kweli.

Kijana yule alisema kweli. Amepata sifuri katika zoezi lile, na chuoni amebaki. Mzazi wake tulimjibu hivi: dini yetu imetufunza kusaidiana, na mwanawe alikuwa na nia njema, lakini rafiki yake hakufaidika. Alifika zoezi la pili hajui alilopaswa kulijua katika la kwanza.

Vijana wetu, mwenzenu akikuombeni programu usiku wa manane, msimfukuze. Mwambieni, "Nionyeshe yako, tutafute ilipokwama." Na ikiwa hajaandika hata mstari mmoja, kaeni naye mpaka auandike wa kwanza kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.