Maswali manne kabla simu haijarudishwa Android ya zamani

Wiki hii tuzungumze jambo ambalo katika nyumba nyingi huamuliwa na kijana wa sekondari au fundi wa kona, wakati mwenye simu yuko jikoni au kazini.

Simu imekuwa nzito. Chaji inaisha kabla ya adhuhuri, WhatsApp inafunguka kwa kujivuta, kamera inagoma. Kijana anaichukua, anaipekua, kisha anatoa jibu: "Mama, hii simu imerutiwa, na aliyeiruti aliiwekea Android mpya kuliko uwezo wake. Niachie jioni moja tu, naishusha toleo." Mama anauliza, "Itakuwa sawa?" Anaambiwa itakuwa sawa, na simu inaondoka mkononi mwake.

Huenda kijana anasema kweli. Simu nyingi zilizonunuliwa mkononi kwa mtu zimepita katika mikono ya namna hiyo. Lakini ndani ya simu hiyo kuna namba ya M-Pesa, kuna picha za marehemu bibi, kuna hesabu za kikoba na ujumbe wa shule. Kwa hiyo "itakuwa sawa?" ni swali dogo mno. Yapo maswali manne ya kuuliza kabla ya kuikabidhi.

Kwanza tuelewane maneno

Android ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha simu yote. Google hutoa toleo jipya karibu kila mwaka: Android 10 ilitoka mwaka 2019, Android 12 mwaka 2021, Android 14 mwaka 2023. Kampuni iliyotengeneza simu ndiyo huamua simu yako ipate matoleo mangapi. Simu za bei ya chini mara nyingi hupata machache, na nyingine hubaki na lile zilizotoka nalo kiwandani.

Kuruti ni neno ambalo mafundi wamelitohoa kutoka Kiingereza. Maana yake ya asili ni mzizi. Simu ya kawaida ni kama nyumba ya kupanga: unaishi, unapanga vitu vyako, lakini chumba kimoja mwenye nyumba amekifunga. Ukiiruti, unapata ufunguo wa chumba hicho. Unaweza kufuta programu za kiwandani, kubadilisha mfumo wote, au kuiwekea Android mpya ambayo kampuni haikukuletea. Ila ufunguo huo hauchagui mtu. Programu mbaya ikiupata, nayo inaingia chumba kilekile.

Kuflashi ni kuandika mfumo upya ndani ya simu, kwa kawaida kwa kutumia kompyuta na waya. Na butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Ndiye mlinzi wa getini: hukagua kama mfumo unaotaka kuingia ni halali. Kwa simu nyingi, huwezi kuiruti bila kumfungua mlinzi huyu.

Jambo la mwisho hapa. Wazazi wengi hudhani kwamba kufuta kila kitu na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani kunarudisha pia toleo lililokuja nalo. Hapana. Kitendo hicho hufuta vitu vyako na mipangilio yako tu. Toleo la Android linabaki lilelile. Kurudi nyuma kunahitaji kuflashi.

Swali la kwanza: Tunarudi toleo lipi, na ni la nani?

Kuna kurudi kwa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza ni kuirudisha simu kwenye toleo rasmi la mwisho ambalo kampuni ililitoa kwa simu hiyohiyo. Hapa ruti inaondoka, mfumo unakuwa ule simu ilioundiwa, na mara nyingi uzito unapungua. Kama lazima urudi, hii ndiyo njia ya heshima.

Aina ya pili ni kuchukua toleo la zamani zaidi, au lililopikwa na mtu mtandaoni, na kuiacha ruti ilivyo. Hapo umeongeza tatizo juu ya tatizo: milango iko wazi, na kuta zina nyufa za zamani.

Nyufa hizo si hadithi. Julai 2015 wataalamu wa usalama walitangaza udhaifu ulioitwa Stagefright, uliogusa Android kuanzia 2.2 hadi 5.1. Ujumbe wa video uliotengenezwa kwa hila uliweza kumpa mhalifu nafasi ndani ya simu, hata bila mwenye simu kuufungua. Kuanzia Agosti mwaka huo Google ikaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Ukirudi toleo la zamani unaviacha viraka vyote vilivyokuja baada yake. Kwa hiyo mwambie kijana akuonyeshe, kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, tarehe ya kiraka cha usalama cha sasa. Kisha akutajie tarehe ya kiraka cha toleo analotaka kuliweka. Pengo likiwa la miaka, fikiri mara mbili.

Aplikesheni nazo huacha matoleo ya zamani nyuma. Kwa mfano, Oktoba 24, 2023 WhatsApp ilianza kutaka angalau Android 5.0.

Swali la pili: Je, simu yenyewe inakubali kurudi?

Si kila simu hukubali. Kampuni nyingi zimeweka kizuizi ambacho kikishapanda hakishuki. Google ilipotoa Android 13 Agosti 2022, ilionya wazi kwamba Pixel 6, Pixel 6 Pro na Pixel 6a zikishaipokea haziwezi tena kurudishwa Android 12 ya awali. Kwa Samsung, namba ndefu ya toleo la programu ina alama ya tano kutoka mwisho. Toleo unalotaka kuliweka likiwa na alama ndogo kuliko iliyomo, simu inalikataa. Mwaka 2018 baadhi ya watumiaji wa Redmi Note 5 Pro ya Xiaomi walijaribu kurudi toleo la nyuma baada ya kizuizi cha aina hiyo kuwekwa, na simu zao zikafa.

Simu ikifa kwa namna hii haiwaki, au inabaki kwenye nembo ya kampuni ikizunguka bila kufika popote. Kuzunguka kwenye nembo mara nyingi kunatibika. Kizima kabisa huhitaji fundi mwenye vifaa maalumu, na gharama yake inaweza kuikaribia thamani ya simu yenyewe.

Kijana au fundi akishindwa kukuambia kizuizi cha simu yako kiko wapi, hajaisoma simu hiyo. Asubiri aisome kwanza.

Swali la tatu: Vitu vyetu vitakuwa wapi wakati huo?

Jibu sahihi ni: nje ya simu. Ukirudi nyuma, kila kitu kinafutwa, na ni lazima kifutwe. Toleo la zamani halijui kusoma kumbukumbu zilizoandikwa na toleo jipya. Ukijaribu kuziacha, ndiyo mara nyingi simu hukwama kwenye nembo.

Kwa hiyo kabla ya siku hiyo hamisha picha na video kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, kisha kadi itolewe. Zifungue picha kadhaa huko zilikohamia, uone kwa macho yako kwamba zinafunguka. Tunza mazungumzo ya WhatsApp kwenye akaunti yako ya Google, na hakikisha namba zote za simu zimehifadhiwa humo. Kama kumbukumbu za kikoba ziko kwenye ujumbe mfupi, ziandike daftarini.

Kuna mtego mwingine hapa. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti inaweza kuwaka ikidai barua pepe na neno la siri la Google lililokuwamo. Wazazi wengi akaunti hiyo walifunguliwa na muuza simu dukani na hawajui neno la siri. Lijue kwanza, ulijaribu kwenye kifaa kingine, ndipo simu iguswe.

Swali la nne: Baada ya kazi, geti litafungwa?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulisahau, na ndilo linalogusa pesa. Simu ikirudi nyuma huku butiloda iko wazi na ruti ipo, aplikesheni nyingi za benki hukataa kufunguka, kwa sababu hukagua kama mfumo wa simu umeguswa. Huduma za menyu ya nyota na alama ya reli zitaendelea kufanya kazi, na hapo ndipo mtu hujiona salama. Lakini kwenye simu yenye ruti, programu yenye nia mbaya ikipewa ufunguo inaweza kusoma ujumbe wako, pamoja na zile namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki.

Njia rahisi ya kukagua ni hii: fungua Play Store, gusa picha yako juu, nenda kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu. Humo utaona kama kifaa kimethibitishwa au la. Pia simu nyingi zenye butiloda iliyofunguliwa hutoa onyo kila zinapowashwa. Ukiliona onyo hilo, jua mlinzi hayupo kazini.

Tahadhari moja ya kiufundi, umpe anayefanya kazi: butiloda ifungwe tu kama mfumo uliomo ni rasmi mtupu, usioguswa. Akiifunga juu ya mfumo uliobadilishwa, mlinzi ataukataa na simu haitawaka. Na kwa wenye Samsung, fahamu kwamba simu ikishawekewa programu isiyo rasmi, alama ya Knox ndani yake hubadilika na haifutiki tena. Hata mfumo rasmi ukirudi, Folda Salama haitafanya kazi tena.

Siku ya kazi yenyewe

Mkikubaliana, basi ifanywe kwa utaratibu. Bonyeza *#06# na uandike namba za IMEI zinazotokea kwenye karatasi. Kazi ikiisha, bonyeza tena ulinganishe. Kuflashi vibaya kunaweza kuzipoteza, na simu isiyo na IMEI haishiki mtandao. Hapa Tanzania TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016. Fundi akisema atakuwekea nyingine yoyote, mkatalie. Kuchezea IMEI ni kosa la jinai.

Faili la mfumo liwe la modeli ileile hasa. Majina ya simu hufanana huku vya ndani vinatofautiana. Chaji iwe zaidi ya nusu, waya uwe mzima, na kompyuta iwe ya mpakato yenye betri, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo, simu inabaki na nusu ya mfumo. Na ifanyike siku ambayo hakuna anayesubiri kutumiwa ada ya shule kupitia simu hiyo.

Kabla ya yote hayo, jaribu dawa nyepesi. Futa video za makundi ya WhatsApp, ondoa aplikesheni zisizotumika, au mpelekee fundi aangalie betri. Simu ya miaka minne inayokata chaji haraka mara nyingi ina betri iliyochoka, na hakuna toleo la Android linaloponya betri.

Na huyu kijana je?

Kijana anayejua kuruti simu amejifunza peke yake kitu ambacho watu wazima wengi hawakijui. Usimfokee. Wakati huohuo usijifanye huoni: mwenye ruti anaweza pia kuziondoa programu za uangalizi wa watoto kama Family Link, na wapo wanaoruti kwa sababu hiyo hasa. Muulize kwa upole alitaka kupata nini, umsikilize mpaka mwisho.

Kisha wekeni mpaka. Ile simu ya kabatini yenye kioo kilichopasuka iwe yake ya majaribio. Airuti, aiue, aifufue. Simu yenye laini ya pesa ya familia isiguswe bila majibu ya maswali manne, tena ayaandike kwenye karatasi na kukueleza kwa Kiswahili unachokielewa. Akiweza kukueleza, ameielewa kazi yake. Akibabaika, mwambie arudi akasome, simu ibaki kwako.

Wiki ijayo tutaangalia namna ya kukagua simu iliyotumika kabla hujalipa, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.