Mwalimu Asiyeona Apewe Kompyuta Isemayo

Mnamo tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10. Mfumo uliofuata, yaani Windows 11, haukubali rasmi kuwekwa katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Jambo hili lilitangazwa mapema, lakini katika ofisi zetu za Nyanda za Juu Kusini lilipokewa kama mvua ya usiku, ambayo mtu huijua asubuhi anapokuta uani kumelowa. Leo hii ukiingia katika stoo ya ofisi ya umma au ya shule ya sekondari, iwe Iringa au Mbeya, Mafinga au Tukuyu, si ajabu kukuta kompyuta zilizofunikwa gunia, ambazo hazina ugonjwa wowote ila umri, zikingojea kuandikwa katika orodha ya mali chakavu.

Wakati huo huo, katika mikoa hiyo hiyo miwili, wako walimu na watumishi wa umma wasioona ambao hawajapata kuwa na kompyuta hata moja wanayoweza kuitumia peke yao. Makala haya yanakusudia kuyakutanisha mambo hayo mawili.

Nianze na mtu mmoja ninayemfahamu. Ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari mkoani Mbeya, naye haoni kabisa tangu utotoni. Darasani hana shida. Wanafunzi wake husema kwamba humtambua mtoro kwa ukimya wa kiti chake. Taabu yake huanza kengele ya kutoka inapolia. Azimio la kazi na andalio la somo huyaandika kwa nukta nundu, kisha humsomea mwalimu mwenzake ili ayaandike upya kwa wino, kwa kuwa mkuu wa shule hasomi nukta nundu, na mthibiti ubora wa shule hali kadhalika. Mwenzake huyo akiwa na msiba au akihamishwa, kazi husimama.

Isitoshe, tangu serikali ilipouleta mfumo wa PEPMIS kuchukua nafasi ya OPRAS, mtumishi wa umma anatakiwa kuingiza majukumu yake na utekelezaji wake katika mtandao. Mwalimu wetu alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake: alimpa kijana mmoja neno lake la siri. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akimjazia kazi, akimsomea hati ya mshahara, na akimfungulia barua. Nilimwuliza kama haoni hatari katika jambo hilo. Akacheka, akanijibu kwamba hatari anaiona vizuri sana. Asichokiona ni skrini tu.

Sheria haikukusudia hali hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ambayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awape watu wenye ulemavu asilimia 3 ya nafasi zake. Chama cha Wasioona Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1964, kimekuwa kikidai mambo ya namna hii kwa zaidi ya nusu karne. Lakini kumwajiri mtu na kisha kumnyima zana ya kazi ni kumkaribisha mgeni mezani bila kumpa sahani. Hapana mkuu wa idara ambaye angempangia mtumishi anayeona kazi ya uandishi bila ya kalamu na karatasi.

Sasa zana yenyewe ni ipi? Ni programu iitwayo kisoma skrini, ambayo huyageuza maandishi yaliyomo katika skrini kuwa sauti, au huyapeleka katika kibao cha nukta nundu ili yaguswe kwa vidole. Kwa miaka mingi kisoma skrini kilichojulikana zaidi kilikuwa JAWS, ambacho bei yake ni mamia ya dola, na hicho huhitaji kwanza Windows ambayo nayo ina bei yake. Shule zetu haziwezi. Kwa haki ya mambo niseme pia kwamba tangu mwaka 2006 kipo kisoma skrini kiitwacho NVDA, kilichoanzishwa na vijana wawili wasioona wa Australia, nacho hutolewa bure. Aliye na Windows mpya na halali na akakitumia, mimi sina ugomvi naye. Ninaloliandikia hapa ni zile kompyuta za stoo, ambazo Windows mpya imezikataa.

Kompyuta hizo hupokea vizuri mfumo wa Linux. Kiini cha mfumo huu kiliandikwa na kijana wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na tangu hapo umeendelezwa na watu wa mataifa mengi kwa utaratibu wa chanzo huria, yaani kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili, kuuchunguza na kuurekebisha. Watu wasioona walikuwamo katika kazi hiyo tangu mapema. Programu ya BRLTTY, inayounganisha Linux na vibao vya nukta nundu, ilianza mwaka 1995. Kisoma skrini cha Orca, ambacho ndicho kitumiwacho zaidi katika Linux yenye madirisha, kilianzishwa katika kampuni ya Sun na mhandisi asiyeona, Marc Mulcahy, na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2006. Sauti hutolewa na programu ndogo ya eSpeak, kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, na miongoni mwa lugha inazozisema ni Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu, haina utamu wa mtangazaji wa redio, lakini haichoki na haihitaji mtandao. Anayeizoea huiharakisha hata sisi wengine tukisikia tunadhani ni redio iliyokosa masafa.

Napenda kueleza kidogo jinsi kazi ya kuuweka mfumo huu inavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo hofu ya wengi ilipo. Mfumo wa Debian, mmoja wa mifumo ya familia ya Linux, unanakiliwa katika flashi ya kawaida. Kompyuta inapowashwa kwa flashi hiyo hutoa mlio mfupi, kuashiria kwamba orodha ya kuanzia imefika. Mtu asiyeona hubonyeza herufi ya s, kisha Enter, na baada ya muda sauti huanza kusema. Kuanzia hapo kila swali linasomwa na kila jibu lina namba yake: 1, 2, 3, naye huandika namba, akabonyeza Enter, mpaka mwisho. Maelekezo hayo husomwa kwa Kiingereza, jambo ambalo ni kasoro, ingawa kwa mwalimu wa sekondari si kikwazo. Utaratibu huu umo katika Debian tangu mwaka 2011. Kwa maneno mengine, mtu asiyeona anaweza kuiweka kompyuta yake mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuazima jicho la mtu. Sijui ni mafundi wangapi wenye macho katika wilaya zetu wanaolijua jambo hilo. Niliowauliza walikuwa hawajapata kulisikia.

Lakini kuweka ni jambo moja na kurekebisha ni jambo jingine, na hapa hapana budi niwe mkali kidogo. Niliwahi kushuhudia katika ofisi moja fundi akimwekea mtumishi asiyeona mfumo huu kwa njia ya kawaida ya watu wanaoona. Orca ilikuwamo, ilisema vizuri, watu wakapiga makofi, fundi akaenda zake. Kesho yake asubuhi mtumishi yule aliwasha kompyuta na ikakaa kimya. Alisubiri. Kumbe fundi aliifanya Orca iseme baada ya mtu kuingia, ila hakuigusa skrini ya kuingilia, ambayo ina mipangilio yake peke yake. Kwa hiyo mwenye kompyuta alifungiwa nje ya mlango, na kwa wiki mbili alikuwa akimwita mtu kila asubuhi aje amwandikie neno la siri. Lile lililokusudiwa kuondolewa likarudi kwa mlango wa mbele.

Makosa ya namna hii yote yana tiba, na tiba yenyewe haihitaji fedha. Skrini ya kuingilia iwekwe iseme. Sauti ya kompyuta ipandishwe na ihakikiwe baada ya kuzimwa na kuwashwa upya, maana kompyuta iliyonyamaza, kwa asiyeona, ni sawa na iliyoungua. Mtumiaji aonyeshwe njia ya kuiita Orca mwenyewe inapopotea. Katika mifumo mingi yenye madirisha ya GNOME hubonyezwa kitufe cha Alt, kile chenye alama ya Windows na herufi S kwa pamoja. Aonyeshwe pia kuchagua sauti ya Kiswahili anaposoma Kiswahili, kwa kuwa sauti ya Kiingereza ikisoma neno «ng'ombe» au «wanyang'anyi» hutoka kitu ambacho hakuna Mhehe wala Mnyakyusa atakayekitambua. Na kipanya kiwekwe kando tangu siku ya kwanza. Kila kazi ifundishwe kwa kibodi. Mwalimu akishaijua kibodi, LibreOffice itamwandikia azimio la kazi na barua, na Firefox itamfikisha katika mifumo ya serikali, kwani mifumo hiyo mingi hufunguliwa kwa kivinjari na haiulizi kompyuta ni ya aina gani.

Wako watakaosema kwamba simu inatosha. Ni kweli kwamba vijana wengi wasioona hutumia simu zisemazo kwa ustadi mkubwa, na simu imewafungulia mengi. Lakini atakayesema hivyo na ajaribu yeye mwenyewe, macho amefumba, kuandika mtihani wa kidato cha pili wa kurasa nne kwa kugusa kioo.

Wako pia watakaosema kwamba Linux haina mafundi huku kwetu. Hoja hii ina uzito, lakini haina uzito unaopewa. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachotoa walimu tangu mwaka 2005, na kuna Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kilipokuwa bado kikiitwa Tumaini kilianza mwaka 2007 kufundisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Wafini, na shabaha ya shahada hiyo ilikuwa kufundisha kompyuta kwa mujibu wa mahitaji ya mahali. Kila mwaka wanafunzi wa fani hizo hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na wengi huishia kupanga majalada na kutumwa chai. Wapewe kazi hii. Kundi la wanafunzi watatu, wakiwa na mwalimu mmoja asiyeona wa kuwasahihisha, wanaweza kutengeneza kompyuta nyingi katika wiki nane. Nasisitiza huyo wa kuwasahihisha, na alipwe posho kama mkufunzi mwingine yeyote.

Tunalo pia somo la zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux ulioshirikisha Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na baadhi ya istilahi zake tunazitumia hadi sasa bila kujua zilikotoka. Lakini leo ni wachache sana wanaolikumbuka hata jina hilo. Mradi wa mfadhili huwa na tarehe ya mwisho, na ofisi iliyopokea mradi mara nyingi haina fungu la kuuendeleza. Kwa sababu hiyo napendekeza kazi hii isiitwe mradi, isitafutiwe mfadhili, wala isizinduliwe kwa utepe. Iwe sehemu ya kazi za kawaida za afisa TEHAMA wa halmashauri, kama alivyo na wajibu wa kutazama printa.

Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo ina sehemu yake, kwa kuwa hata Orca haiwezi kusoma kitufe ambacho mtengenezaji hakukipa jina. Husema tu «button», na mtu akabaki akibahatisha. Mfumo wowote wa watumishi, kabla ya kutangazwa, ujaribiwe na mtumishi asiyeona akiwa peke yake chumbani. Akishindwa kuingia, kujaza na kutoka, mfumo huo haujakamilika.

Yule mwalimu wa Historia alipata kompyuta kuukuu mapema mwaka huu, kwa njia ya ndugu zake na si ya ofisi. Alifundishwa kwa siku tatu, jioni baada ya vipindi. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kubadili neno lake la siri. La pili lilikuwa kulalamika kwamba eSpeak inamsomea jina la Mkwawa vibaya, na hilo tumelirekebisha katika kamusi ya matamshi ya Orca.

Sasa tunakaribia wakati ambapo halmashauri zetu hukagua stoo na kupeleka orodha za mali ya kufutwa. Wakurugenzi wa halmashauri za Iringa, Kilolo, Mufindi, Mbeya, Rungwe, Mbarali, Kyela na Chunya waombwe jambo moja kabla hawajatia saini: maafisa elimu na maafisa utumishi waandike majina ya walimu na watumishi wasioona waliomo katika wilaya zao, na majina hayo yawekwe kando ya orodha ya kompyuta. Zitakazobaki baada ya hapo ziende mnadani.