Mwenye Reli ni Mlipa Kodi

Mnamo 2020 Kenya ilinunua kutoka Uhispania treni 11 zilizokwisha kutumika, ambazo mabehewa yake hujiendesha kwa dizeli, ili zihudumie vitongoji vya Nairobi. Wapo waliodhihaki kwamba tumeletewa mitumba. Mimi sina ugomvi na mtumba ulioshonwa vyema. Njia yenye abiria wachache haistahili kichwa kizito cha garimoshi kikokote mabehewa matupu huku kikibugia mafuta. Treni ijiendeshayo huongozwa kutoka ncha zote mbili, wala haihitaji kuhamishiwa kichwa ifikapo kituo cha mwisho. Kwa gharama hiyo ndogo, safari zaweza kuongezwa, nao abiria wakavutika.

Ugomvi wangu ni giza. Treni ya alfajiri na ya jioni pekee haimfai muuguzi wa zamu wala mama wa sokoni. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Ya 201 hudai uwazi katika fedha za umma. Basi na tuulize, njia baada ya njia: safari ngapi, abiria wangapi, mafuta kiasi gani? Anayeuliza habari za mali yake si mchochezi.