Kansere ya ovari: jina lake lijulikane kwanza

Tumbo la mama linavimba, anashiba upesi, anakojoa mara kwa mara. Kwetu watu wanasema: ni amibe, ni minyoo, ao jirani amemuloga. Dawa zinanunuliwa, miezi inapita. Lakini kuna ugonjwa unaofaidika na ile miezi, ni kansere ya ovari. Katika mwaka 2022, dunia nzima ilihesabu wagonjwa wapya karibu 324 000 na vifo karibu 207 000.

Nguvu yake inatoka wapi? Seli zake zinajua kugeuka. Seli nzima zinashikamana kama matofali ya ukuta. Ile ya kansere inaweza kuachana na wenzake, ikawa seli ya kutembea, ikaelea kwa vikundi ndani ya maji ya tumbo. Ikifika kwenye utando wa mafuta unaofunika matumbo, inajishikiza pale na kujenga uvimbe mupya. Na seli zilizogeuka hivi mara nyingi zinapinga dawa.

Tena, si kansere moja. Ile inayopatikana zaidi, serusi ya daraja la juu, mara nyingi inaanzia kwenye mirija ya uzazi, si kwenye ovari yenyewe. Nyingine zina undugu na endometriozi. Dawa za shimio zenye platini, ambazo mwanzoni zinasaidia sana ile ya kwanza, hazina nguvu sawa kwa aina zote.

Ndiyo maana hatukubali uvimbe utolewe katika operasyo kisha utupwe bila kupelekwa labo ya anatomopatolojia. Bila ile jibu, munganga anatibu katika giza. Tunajua labo ni chache, na familia ndiyo inalipa. Basi, Serikali iweke bei ya kipimo hiki ndani ya bei ya operasyo, na isaidie hospitali za mikoa kusafirisha vipande.

Tusingojee kipimo cha ajabu. Kule Uingereza walifuata wanawake zaidi ya 200 000, wengine wakipimwa damu na ekografi kila mwaka. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Kwa wamama wetu, tunabaki na kusikiliza mwili: tumbo linalovimba kila siku kwa juma mbili ao tatu, lisipewe tena dawa ya minyoo. Lipelekwe kwenye ekografi.