Mchumaji Si Nyati

Wanachama wenzangu, nataka kusema juu ya chakula cha wachumaji wetu wakati wa msimu.

Nilipokwenda Mpanda kumtazama mwanangu aliyeko kazini huko, nilipelekwa Hifadhi ya Katavi kuona nyati. Nyati humeza majani mbiombio, kisha hulala kivulini akacheua, akayatafuna upya taratibu. Ana tumbo la vyumba vinne kwa kazi hiyo. Mchumaji wetu hana. Hushuka mkarafuuni, akabugia muhogo na kuusukuma kwa maji, mara yuko juu tena, maana mwenye shamba amesimama chini anatazama jua. (Nami nimesimama hivyo, sikatai.) Tena wengine hawangoji kuhimizwa: hulipwa kwa pishi, basi hujihimiza wenyewe.

Tumbo la mtu halina meno. Kazi ya kusaga ni ya kinywa, na mate ndiyo yanayolainisha tonge. Tena ndani ya mate mna kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga na kuugeuza sukari mumo humo kinywani. Usiposadiki, tafuna ugali mtupu dakika moja au mbili, utaonja utamu. Anayebugia humeza mapande, na hewa pamoja nayo, akapanda mti tumbo limemjaa.

Najua mtasema mvua yaja na karafuu bado ziko jamvini. Hata hivyo nashauri mchumaji apewe nusu saa kamili, aketi chini, wala asiitwe.