Mwanao yuko umisionari nje? Kwenye simu ya wiki, uliza na homa

Kijana anapotumwa na kanisa kwenda kutumikia nchi nyingine, nyumbani huwa na sherehe, sala na machozi kidogo. Mama anauliza kama huko kuna baridi. Baba anauliza nauli ya kurudi italipwa na nani. Shangazi anataka kujua watakula nini. Maswali yote ni ya haki. Swali la homa ndilo huwa halina mwenyewe, na mimi ninayeandika habari za afya naona ndilo lingetangulia.

Nalileta leo kwa sababu ya mwambao wa Kigoma. Kuanzia Ujiji, kupita Gombe, hadi Kagunga mpakani na Burundi, mwambao huu umepokea wamisionari kutoka mbali kwa karibu miaka 150, na siku hizi nao unatoa vijana wake.

Kuna wiki moja ya mwaka 1879 ambayo kila mzazi wa mmisionari angefaa kuijua. Mwishoni mwa Machi mwaka huo, Mwingereza aitwaye Arthur William Dodgshun wa Chama cha Wamisionari cha London aliingia Ujiji. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Safari yake kutoka pwani ilikuwa imemla zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Wenzake walipanga kusafirisha mizigo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ng'ombe wakafa njiani kwa maradhi ya mbung'o, mipango ikavurugika, na yeye akabaki nyuma na mizigo. Alipofika Ujiji hatimaye, mwili ulikuwa umekwisha. Alifariki tarehe 3 Aprili, siku saba tu baada ya kufika. Ule utumishi aliouvukia bahari na kuutembelea nchi nzima kwa miguu ulikuwa wa wiki moja, nayo aliimalizia kitandani.

Hakuwa wa kwanza. Mwenzake Thomson, aliyefika Ujiji Agosti 1878, alizikwa hapo hapo Septemba ileile. Waliobaki walikuwa nahodha Edward Hore na Walter Hutley, kijana wa miaka ishirini hivi. Sasa fikiria mzazi aliyeko Uingereza: barua kutoka Ujiji ilikwenda na wapagazi hadi pwani, kisha meli. Miezi ilipita. Mama angeweza kuwa anaandika kumuuliza mwanawe anaendeleaje wakati kaburi lake limeshaota majani. (Wapagazi waliokufa njiani na mizigo hiyo hawakuandika shajara, kwa hiyo mama zao hatuwajui hata kidogo.)

Watu wale hawakuwa wazembe. Kwinini waliijua. Wasichokijua ni chanzo. Neno malaria lenyewe linatokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, na hivyo ndivyo walivyoamini: kwamba homa inatoka kwenye mvuke wa mabwawa. Kijidudu cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza kwenye damu mwaka 1880, mwaka mmoja baada ya kifo cha Dodgshun. Kwamba mbu ndiye anayekibeba lilithibitishwa mwaka 1897.

Sisi tunajua. Ndiyo maana inauma zaidi kijana wa leo akiugua kwa jambo ambalo simu moja ingelizuia.

Chukua mgeni anayekuja kutumikia Kagunga. Kwa miaka mingi safari ya huko kutoka Kigoma mjini imekuwa ya boti, saa kadhaa ziwani. Anashuka ufukweni, anapokelewa kwa ugali wa muhogo na migebuka, na kabla jua halijazama ameshaonyeshwa mahali vijana wanapooga ziwani. Hapo tayari kuna mambo mawili ya afya. Maji ya pembezoni mwa ziwa yanaweza kuwa na kichocho, hasa palipo na majani na konokono. Na usiku ukiingia, chandarua chenye dawa si pambo la chumba cha mgeni, kwa maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Akipata homa siku ya tatu, wenyeji watasema ni malaria ya Kagunga. Huenda ni malaria, ila si ya Kagunga. Kijidudu huhitaji takribani siku saba au zaidi tangu mtu aumwe na mbu hadi homa itokee. Homa ya siku ya tatu ameibeba alikotoka au alikopita, au ni ugonjwa mwingine kabisa, na kumeza dawa ya malaria bila kipimo kunaweza kuficha ugonjwa huo. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Kichocho nacho hujionyesha kwa kuchelewa, wiki kadhaa baadaye, pengine kijana ameshahamia kituo kingine ambako hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuoga ziwani.

Kuhusu maji, Kagunga ina kumbukumbu yake. Mei 2015, machafuko yalipozuka Burundi, makumi ya maelfu ya watu walijikuta kwenye kijiji hicho kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Barabara ya kuwatoa haikuwepo. Meli kongwe ya MV Liemba iliwabeba hadi Kigoma, safari baada ya safari, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Vyoo havikutosha, ziwa likawa choo na kisima kwa wakati mmoja, kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 ya mwezi huo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limehesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, viwili vikiwa vya Watanzania. Kijana yeyote anayekwenda kuhudumia watu katika hali kama hiyo, awe na Biblia mkononi au kisanduku cha dawa, anapaswa kujua kwamba kipindupindu kikali humaliza maji ya mwili ndani ya saa chache. Abebe pakiti za ORS. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinasaidia wakati anakimbizwa kituo cha afya.

Upande wa pili ndio unaosahaulika kuliko wote: mtoto wetu anayetoka hapa kwenda kwao.

Wamisionari wa Afrika, wale mapadri wa kanzu nyeupe ambao wa kwanza wao walifika Ujiji Januari 1879, leo wana vijana wengi Waafrika, nao hutumwa nje ya nchi zao wakiwa bado kwenye malezi. Makanisa mengine yanafanya hivyo hivyo. Kijana aliyekulia Kagunga ameugua malaria utotoni mara nyingi, na mwili wake umejijengea kinga kiasi. Si kinga kamili, lakini inamfanya augue kwa nafuu. Tatizo ni kwamba kinga hiyo hudumishwa na kuumwa kila mara. Akikaa miaka miwili nchi isiyo na malaria, inapungua. Siku anarudi likizo, ndugu wamejaa ufukweni na ngoma, yeye anajiona ni mwenyeji. Chandarua cha nini, amezaliwa hapa! Kumbe kwa mbu amekuwa karibu sawa na mgeni.

Hili halisemwi kwa kutisha. Uingereza, kwa mfano, sehemu kubwa ya wanaogundulika na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokuja kuwaona ndugu wakarudi. Wengi hawakumeza kinga kwa sababu walikuwa wanakwenda nyumbani. Na huko ughaibuni daktari anayeona kijana mwenye homa na kichwa kuuma anafikiria mafua kwanza. Kwa hiyo mwanao afundishwe sentensi moja ya kumwambia mhudumu wa kwanza atakayemwona: nilikuwa eneo lenye malaria, naomba nipimwe leo. Si kesho. Malaria kali inaweza kuua ndani ya siku chache tangu homa ianze.

Siku hizi tuna nafasi ambayo mama yake Dodgshun hakuwa nayo. Vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaowaona wakitembea wawili wawili na beji kifuani, wiki yao imepangwa: kuamka mapema, kujisomea, kufundisha, ibada Jumapili, na siku moja ya kufua, kwenda sokoni na kuwasiliana na nyumbani. Zamani sauti ya mtoto ilisikika kwa simu mara mbili hivi kwa mwaka, wakati wa Krismasi na Siku ya Mama, mengine yote yakiwa ya kuandikiana. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuwapigia wazazi kila wiki. Kwa maoni yangu ni uamuzi mzuri wa kiafya kuliko hata walioufanya walivyokusudia.

Ila simu hiyo wengi wetu tunaimalizia kwenye salamu. Uko salama? Niko salama, mama. Kijana hataki kukutia hofu, na mwingine anaona kulalamika ni upungufu wa imani. Muulize vitu vinavyoshikika. Jana ulilala ndani ya chandarua? Maji ya kunywa mnachemsha au mnatia dawa? Umeoga wapi? Homa mara ya mwisho ilikuwa lini, na ulipimwa? Umekula mara ngapi leo? Akijibu kwa neno mojamoja wiki tatu mfululizo, yule aliyekuwa msemaji wa nyumba, uliza kuhusu usingizi na upweke pia, bila kumkemea. Na uwe na namba ya mtu mzima anayemsimamia huko, si ya kijana mwenzake peke yake.

Akija likizo nyumbani, zungumzeni kabla hajakata tiketi. Aende kliniki ya wasafiri alipo wiki kadhaa kabla, apewe dawa ya kinga inayomfaa. Doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla ya kufika, kidonge kila siku, na huendelea kwa wiki nne baada ya kuondoka eneo la malaria. Wiki hizo nne ndizo wengi huziacha, maana ameshafika kwake, hakuna mbu, na pakiti imesahaulika kwenye begi. Ni wewe mzazi, ukiwa Kagunga na simu yako, utakayemkumbusha kumeza.